Punje Nyeupe

Kengele yetu ni rimu ya lori.
Lori lenyewe liko chini, ndani ya jiwe,
pamoja na kanisa la kwanza na mimbari yake.
Sakafu tunayopigia magoti leo
ni paa la jana.
Mtoto akiuliza, "Babu walisali wapi?"
tunamwonyesha chini kwa kidole,
kisha tunamwambia avae viatu: lava hukata.

Tunayoyaamini, kwa kifupi:
kwamba Nyiragongo si hasira ya Mungu, ni mlima;
kwamba mtu huzamishwa ziwani mzima, nywele na yote,
alfajiri, kabla upepo haujaamka;
kwamba fungu la kumi ni fungu la kumi
hata likija kwa makala, vitunguu au sombe;
kwamba homa huombewa, kisha hupelekwa hospitali.
Hilo la mwisho lilitugharimu familia tisa.
Walihamia ng'ambo ya barabara
kwenye spika kubwa kuliko dirisha letu.

Mchungaji Hangi alipofariki
kiti chake kilikaa kitupu miezi minne,
kikila majivu.
Ndoole alikuwa na cheti, sauti, na suti ya kijivu.
Mama Kavugho alikuwa na funguo.
Za kabati, za sanduku la sadaka,
na za nyumba za watu waliokimbia vita
wakamwachia mkononi wakisema, tutarudi.

Tukafanya kama mitume juu ya Mathiya,
ila sisi kwa maharagwe:
jekundu kwa Mama, jeupe kwa Ndoole,
punje moja kwa kila aliyebatizwa,
katika beseni lililofunikwa kitenge.
Mzee Sebagenzi, asiyeona,
alimwuliza mjukuu wake rangi.
Mjukuu alimdanganya au hakumdanganya.

Aliyehesabu ni mimi, katibu.
Mekundu sitini na moja.
Meupe sitini.
Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bati likajibu.
Ndoole akasimama, akavua koti lile la kijivu,
akalitandika juu ya kiti
ili Mama asichafuke.
Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Beseni likaenda jikoni moja kwa moja.
Jioni watu wa kambini walikula kura zetu
kwa chumvi na mawese kidogo,
na hakuna aliyeuliza ipi ilikuwa ya nani.

Nikabaki kufagia.
Chini ya benchi la kwaya, katika ufa,
pale ufagio hauingii mpaka uinamishwe,
nikaiona.
Nyeupe. Nzima. Safi kama jino la mtoto.

Labda mkono ulitetemeka.
Labda mtu alikataa kuchagua, akaitupa.
Labda panya.
Labda Roho hushuka pia
kwa vidole vinavyoteleza, nani atamfundisha njia?
Lakini daftari la mahudhurio,
kwa mwandiko wangu mwenyewe,
linasema: waliobatizwa, mia na ishirini na wawili.
Sitini na moja na sitini ni ngapi?
Hesabu hiyo niliijua
kabla sijashika ufagio.

Mwaka wa pili huu Mama anatuongoza.
Husoma polepole, kidole chini ya mstari,
na akikwama kwenye jina la mfalme wa kale
humwita Ndoole amsaidie, mbele yetu sote, bila haya.
Funguo tatu zimesharudi kwa wenyewe.
Moja mwenyewe hakurudi;
hiyo ameitundika peke yake kwenye msumari
nyuma ya mlango, nasi hatuiulizi.

Kila Jumapili anapoinua mikono kutubariki
nagusa mfuko wa shati.
Imekauka sasa, imekunjamana,
inagongagonga kalamu yangu
kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi
na kuondoka, na kubisha tena.
Ukurasa wa siku ile sijaufunga.
Nimeacha chini yake mstari mmoja mtupu,
nikipitisha mkono juu yake nausikia
ukwaruzo, kama lava.