Mmoja Katika Mia

Saa nane za usiku, Łódź, theluji imeanza tena,
na mimi nalipwa mshahara wa kuvunja.

"Kazi yako hasa ni nini?" bibi yangu Bronisława aliniuliza.
Nikamwambia: nabuni wagonjwa.
Elfu arobaini, wasio na mafua wala majina,
nawatuma kwa mkupuo mmoja waombe dawa,
kisha nakaa na chai yangu ya limau
kutazama kipi kitalegea kwanza.

Programu zimepakiwa ndani ya makontena.
Si yale ya bandarini, bibi, haya hayana kutu.
Kila moja limejifungia masurufu yake,
halijui hata jirani anaitwaje,
na likifa, jingine husimama pale pale
kabla hujamaliza kupiga chafya.
Ndivyo walivyoahidi wajenzi.
Ahadi siili. Naua.

Naua moja la usajili. Linarudi.
Naua mawili ya foleni. Yanarudi, yamechelewa kidogo,
kama watoto waliotumwa chumvi.
Nakata njia kati ya seva na seva, kwa amri, bila mkasi:
mfumo unayumba, unashika ukuta, unaendelea.
Zenon, mwenzangu wa zamu, anapiga makofi.
Mimi nangoja.

Saa tisa na robo, mstari wa kumbukumbu unapanda.
Hauruki. Unapanda tu.
Kontena la bei linapokea tarakimu, halizirudishi,
chembe hapa, chembe pale.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alituambia kibaba kikishajaa kinafanya nini?
Saa kumi kasorobo linakufa lenyewe, sijaligusa.
Linafufuka. Linaanza upya kulimbikiza.
Kumbe kufufuka nako huficha maradhi.

"Wastani mzuri," anasema Zenon, "hata nusu sekunde haifiki."
Wastani ni blanketi fupi, Zenon.
Toka hapo kichwani. Njoo huku miguuni.

Nashuka katika jedwali mpaka mkiani.
Tisini na tisa wamehudumiwa, wamekwenda zao.
Wa mia amengoja sekunde kumi na tisa,
kisha akaambiwa: jaribu baadaye.

Huyu nimembuni mwenyewe. Hana jina.
Januari atakuwa nalo.
Atasimama kwenye dirisha la duka la dawa,
glavu moja mkononi, nyingine kaidondosha kwenye tramu,
nyumbani mtoto anachemka,
na mfamasia atageuza skrini kidogo,
kana kwamba kosa huonekana vizuri zaidi kwa upande.

Bibi alikuwa mkaguzi wa vitambaa, enzi za viwanda.
Alikishika kitambaa kwa vidole gumba,
akakivuta penye mwanga mpaka kilie.
Msimamizi akafoka: Bronisława, unatutia hasara!
Naye, bila kuinua macho:
"Heri kichanike mikononi mwangu
kuliko mgongoni mwa mtu kanisani."

Saa moja asubuhi anaingia Przemek, mkuu wa wajenzi,
theluji mabegani, mkate wa mbegu za mpopi mdomoni.
Anasoma nilichoandika: *haujafaulu*.
Jumatatu tunazindua, Jagoda.
Mmoja tu katika mia, Jagoda.

Sibishani. Namvutia kiti.
"Kaa. Wewe ndiye wa mia. Bonyeza."

Anabonyeza.
Duara dogo linazunguka.
Sekunde ya nne anatabasamu.
Ya saba anatazama saa ya ukutani.
Ya kumi na moja anaacha kutafuna,
analegeza skafu, anabonyeza tena,
ingawa anajua, maana yeye ndiye aliyeujenga,
kwamba kubonyeza tena kunamrudisha mwisho wa foleni.

Nje tramu ya kwanza inapita.
Duara linazunguka.
Hakuna kati yetu anayesema neno.