Chaza Juu ya Jabali

Mize, umeniuliza kwa ile sauti yako ya uchokozi,
jogoo wa mama akikukatiza nyuma:
"Huko kwenye mawe matupu kuna nini, hata hurudi?"

Nianze na askari wa Birkati l-Mauzi.
Hutazama magurudumu kwanza, uso wako baadaye;
kama yote manne hayavuti, unageuzwa, uwe nani.
Kisha barabara inajikunja, inajikunjua,
masikio yanaziba, yanazibuka kwa mlio wa njiti ya kiberiti,
na joto la bondeni linabaki chini
kama mgeni aliyekatazwa kuingia.

Kijiji cha Alaini kimeng'ang'ania ukingo
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Chini yake ngazi za kijani, moja chini ya mwenziwe,
nyengine hazizidi mkeka wa kulalia wawili,
na udongo wake, naambiwa, ulipandishwa kwa punda,
kikapu kwa kikapu, na watu ambao hawakula
hata komamanga moja la miti hiyo.

Maji huku yana zamu, kama hospitali.
Muhanna huja na daftari na saa iliyopasuka kioo,
anahamisha jiwe na tambara mdomoni mwa falaji:
nusu saa kwa mikomamanga ya huyu,
robo kwa vitunguu thaumu vya yule.
Mwanamke huuza bangili zake, Mize;
robo saa yake ya maji haiuzi.

Waridi uliyaona kwenye picha, ukacheka: "Madogo!"
Madogo, ndiyo. Rangi ya ufizi wa mtoto.
Huchumwa kabla jua halijavuka genge la mashariki,
maana likishafika, harufu hupanda juu na haigeuki nyuma.
Aprili nzima vidole vyangu havishiki ndimu.
Hupikwa kwa vyungu vya shaba ndani ya tanuri la udongo
jeusi kama koo la mvuta buruma,
na marashi ya mwanzo, nikuibie siri,
hayanukii waridi. Yananuka moshi.
Huwekwa gizani mwezi mzima
hadi yakumbuke yalikotoka.

Januari nilipiga ukelele nyumba nzima ikaamka:
maji ya ndoo yamevaa kioo!
Bi Zayana alicheka hadi akashika mbavu.
Ndiye niliyekuja kumtunza. Alizaliwa Wete,
akaondoka na miaka tisa,
na Kiswahili chake kimebaki na miaka tisa:
kinadai kashata, kinatukana kitoto,
kinaiba karata na kuapa hakikuiba.

Jana alitaka kupelekwa kwenye mreteni wa juu,
ule uliojisokota kama nguo inayokamuliwa.
Nikamshika kwapa. Tulipumzika mara sita.
Huko upepo, tai mmoja, na kimya kinachovuma.
Akagonga mwamba kwa mkongojo: "Tazama, mtoto wa kisiwani."

Chaza, Mize.
Chaza na kombe na vijikonokono, wamo ndani ya jiwe,
wamebanana kama siku ya bamvua.
Nikapiga magoti. Nikapitisha kidole kwenye mistari yao,
ile ile tuliyokuwa tukiipapasa topeni, mimi na wewe,
kanga zimefungwa kibwebwe.
"Ilikuwa bahari hii," akasema.
"Ilichoshwa na joto, ikahamia."
Nikatafuta la kumjibu, sikupata.

Basi nakuletea kwa mkono wa Thuwaiba
kichupa cha marashi (mwambie mama asubiri moshi uishe)
na kipande cha jiwe, nimekifunga ndani ya soksi.
Usikioshe.
Mimi nimekilamba, nikahisi chumvi.
Bi Zayana anasema ni jasho la mkono wangu.
Kilambe na wewe, kisha uniambie.