Kushusha Mnara, Chumbageni

Leo hapandi mtu, alisema Ngoda.
Leo tunautazama.

Akauzunguka mara tatu, mikono nyuma,
kama anayenunua ng'ombe asiyemwamini mwenye ng'ombe.
Akagonga kila mguu kwa kichwa cha spana:
ting, ting, na wa tatu, dup.
"Huu umeliwa ndani."
Nasi tukaukodolea macho mguu uleule
tulioegemea miaka ishirini na sita tukipiga soga.

Mita kumi na nane. Vyuma chakavu vya reli
baba aliviunga mwenyewe, kipande juu ya kipande,
alipostaafu stesheni akaanza kuongea na dunia.
Usiku tulimsikia nyuma ya pazia la stoo
akiitaja Tanga herufi kwa herufi,
polepole, kama anayemfundisha mtoto jina lake,
na mtu wa Osaka, au wa Montevideo,
akimjibu ndani ya mkwaruzo
kwamba kwao mvua inanyesha.
Ndiyo hayo tu. Mvua.
Kisha wakaagana kwa sabini na tatu,
maana yake heri.

Siku ya pili umeme ukakatwa mtaa mzima.
Bi Mwanamvua akaja na kilio cha friji.
"Samaki akioza, mama," Ngoda akamwambia,
"kuna samaki wengine."
Akamwaga chokaa duara kubwa, hadi mlangoni kwa jirani.
"Mnara ukilala, utalala humu.
Nani anataka kulala nao?"
Watoto wakarudi nyuma bila kufukuzwa.

Halafu zile nyaya tatu za kuushikilia.
Hukati waya kabla hujafunga kamba mahali pake.
Wa kwanza, kwenye zege karibu na mkungu: mzima.
Wa pili, ukuta wa choo: mzima, ila ukuta wenyewe mh.
Wa tatu alifukua kwa sururu,
akavuta,
ukaja mkononi kama muhogo uliooza.
Haukushika kitu. Haukushika kitu tangu lini, Mungu anajua.

Tukatazamana. Upande huu, basi, nani alikuwa zamu?
Ngoda akafuata kwa kidole, juu, kisha chini:
kutoka mguu wa mnara hadi nguzo ya jiko,
waya mnene, vibanio kumi na viwili,
kamba ya nguo ya mama.
Akacheka mpaka akaketi chini.
Mama hakucheka.
"Nilikuwa naikaza kila Ijumaa," alisema.
"Ilikuwa inalegea."

Akapanda na mikanda miwili,
mmoja haufunguliwi kabla mwingine haujafungwa.
Juu kabisa kunguru walikuwa wamejenga
kwa waya wa shaba, ule ule
baba aliotunyima hata wa kutengenezea magari.
"Chuma kinashuka kwa kamba," alitupigia kelele,
"mtu anashuka kwa miguu yake!"
Lete. Simama. Lete kidogo.
Kapi likalia, kipande cha kwanza kikaja
kikiyumba, kikalala kwenye matairi.

Nati ya kipande cha nne ikagoma.
Ikapewa mafuta ya breki na dakika arobaini.
Ngoda akashuka, akanywa chai,
akaisema Coastal Union kuanzia kipa hadi mwenyekiti,
kana kwamba hakuna kinachomngoja huko juu.
Akarudi. Ikazunguka.

Alasiri mbingu ya uani kwetu ilikuwa pana mno,
sikujua nitazame wapi.

Kimebaki kipande cha chini. Mama alikikatalia,
akasimama kando yake, akainua mkono, akapima.
Ngoda hakubishana. Akaukata ule mguu mbovu,
akaunga bomba, akafunga kamba mpya.

Umeme uliporudi nikaingia stoo, nikawasha redio.
Bila antena. Mkwaruzo tu,
nikauacha hadi betri ya saa ya ukutani nayo nikaisikia.

Asubuhi, kimo cha mtu,
kanga moja, taulo,
na shuka la tano kwa sita.