Mkate wa Mbweha

Siku fupi kuliko zote mwakani,
saa tatu asubuhi na jua halijachomoza.
Nimevaa buti za marehemu Kalju, soksi mbili mbili.
Mfukoni mkasi, uzi mwekundu wa sufu,
na kipande cha mkate mweusi nilichooka jana.
Joosep yuko nyuma, anakanyaga nilipokanyaga,
maana theluji inamfika magotini.

Miaka thelathini na mmoja nilipima maji
katika maabara ya wilaya, kule Võru.
Chemchemi hii naijua kwa tarakimu:
nyuzi sita, kiangazi na kipupwe,
chuma kidogo, chokaa tele,
na mwaka ule wa mbolea, naitreti ya kutisha.
Niliandika barua nne. Ya tano niliipeleka mwenyewe,
nikaketi ofisini kwa meneja wa shamba
mpaka akaona haya kunywa kahawa peke yake.

Hakuna mtu ndani ya maji.
Nasema mapema, tusipotezeane muda.
Hakuna bibi wa kisima mwenye nywele za ukoka,
mwaloni hausikii,
wala jua halirudi kwa kuwa tumeliita:
ni dunia iliyoegemea upande, nayo inazunguka,
niwepo, nisiwepo.

Hata hivyo navua kofia,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
napiga goti.
Goti la kushoto. La kulia walinibadilishia Tartu,
ni la chuma, halipendi ibada.

Wifi yangu Hilja, wa kanisani, hunishangaa:
unasujudia nini, na hakuna wa kupokea?
Vaike naye, ambaye kwake kila jiwe lina mwenyewe,
husema nimekuja karamuni bila tumbo.
Wote wawili hunywa chai kwangu Alhamisi,
na juu ya hilo tu wanakubaliana.

Mkono mtupu haulambwi.
Wangu una mkate, na anayelamba ni mbweha;
nyayo zake ninaziona kila mwaka,
zimenyooka kama mshono wa cherehani
kutoka vichakani hadi kwenye jiwe.
Simpi kwa niaba ya mtu. Nampa yeye.

Kisha uzi. Nauzungusha tawini, fundo legevu,
sufu itaoza kabla tawi halijanenepa.
Nanong'ona majina: Kalju; mama; kaka Endel;
ndege waliokuja mwezi wa nne na wasiokuja.

"Bibi," Joosep anauliza, "nani anasikia?"
"Hakuna."
"Mbona basi unanong'ona?"

Nimewafundisha watu kupima asidi kwa tone moja,
nimebishana na wakaguzi kutoka Tallinn,
lakini hapo nilikwama, mkasi mkononi,
mvuke ukinitoka kinywani kama birika.
Nikasema: sijui.
Nikasema: pengine kwa sababu wewe upo.
Hakuridhika. Nami sikuridhika.

Ikabaki kazi. Wageni wa kiangazi
hufunga nailoni, riboni za zawadi, hata kamba ya kiatu,
wakaomba wachumba, wakaomba mitihani,
wakaondoka; na fundo likakaza,
gome likavimba pande mbili kama kidole chenye pete ya zamani.
Nikampa Joosep mkasi. Alikata polepole,
ulimi nje, akinusa kila alichokata.
Kwenye jeraha la mwisho alivua glavu,
akaweka kiganja, akasema kitu.

Sikusikia alichosema. Alikuwa ananong'ona.

Jua likatoka, kama lisilotaka, saa tatu na dakika kumi na tatu,
rangi ya kiini cha yai la dukani.
Nikalitazama kidogo, kwa pembe ya jicho.
Nyumbani nilihesabu vipande: ishirini na viwili.
Nilitaka kuvitia jikoni vikaungua na mwaka,
nikakumbuka moshi wa nailoni ulivyo.
Nikavitupa kwenye pipa la plastiki, Jumanne ndiyo siku yake.