Mama, Hii Si Hela

Koti hili lilikuwa la baba, la reli.
Vifungo vya shaba vimebaki viwili, cha tatu ni cha shati.
Nalivaa Juni, baridi ya Tabora ikiingia mifupani bila hodi
na treni ya Kigoma imechelewa tena.

Mfuko wa kulia, chenji.
Wa kushoto, simu, kitambaa, vizibo vya chupa za asali.
Na ndani, upande wa moyo,
kijifuko alichokishona mama kwa uzi mweusi,
upana wake vidole viwili.
Humo analala yeye.

Duara la manjano. Taji limesagika
hadi linafanana na kichuguu.
Mwaka kumi na sita wa karne iliyopita,
na chini kabisa herufi T,
nyembamba kama mguu wa sisimizi.
T ya Tabora. Hapa hapa,
kwenye karakana ya reli, vita vimeifunga bahari,
Mjerumani ameishiwa sarafu,
Lusangija, babu yake baba, alishika tupa
akalainisha kingo za hela tano tano
mpaka kucha zikageuka rangi.
Moja haikurudi kwenye hesabu.
Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi hii ndiyo hela yenyewe.
Hili neno tunalolirusha kutwa,
sina hela, hela imekata, kesho nitapata hela,
lilizaliwa na vipande kama hiki.
Neno limekua, limeenea hadi kwa wauza vocha,
mzazi wake kabaki kwapani mwangu
na hanunui hata njiti ya kiberiti.

Bwana mmoja mwenye miwani alitaja laki mbili.
Nikawaza mabati. Nikawaza ada ya Kalunde.
Kidole gumba kikakataa kabla yangu.
Ndicho kinachoijua: siku daktari wa Kitete
aliposoma karatasi ya baba kwa sauti ya chini,
kilikuwa ndani ya koti, kinalizunguka taji,
kinalizunguka.

Sasa usiku ule uzi ulikuwa umekatika.
Nikaihamishia kulia, kwenye chenji.
Nitaikumbuka, nikajisemea, kama wasemavyo wote wanaopoteza.
Treni saa tano. Madirisha, mikono,
asali mama, karanga mama, hii elfu mbili,
rudisha mia, rudisha mia tatu, haraka,
honi.
Behewa likajikokota. Nikatia mkono,
nikapapasa: swala, swala, swala wa mia.
Taji hakuna.

Nilikimbia. Mtu mzima, miaka hamsini na mbili,
beseni ubavuni, karanga zinamwagika nyuma yangu
kama njia ya siafu,
napiga kelele neno moja tu:
Hela! Hela yangu!
Stesheni nzima ikanihurumia, ikadhani nimekimbiwa na mdeni.

Ndipo dirisha la daraja la tatu likatoa mkono,
saa ya plastiki, ya bluu,
na sauti ya kijana imejaa hasira:
"Mama, hii si hela!"
Akaitupa kama ganda la chungwa.

Ikagonga zege. Ikalia mara moja.
Ikaviringika taratibu, bila aibu,
ikalala kwenye mafuta meusi kando ya reli,
hatua mia chache, nadhani,
kutoka ilipozaliwa.

Nikainama. Nikaifuta kwa pindo.
Sikumjibu yule kijana; kabla sijamaliza kueleza
angekuwa Urambo, anasinzia.
Na haki anayo. Nilimpunja mia.

Mia yake ninayo mpaka leo,
nimeikunja ndani ya karatasi ya daftari la Kalunde,
nimeandika: wa saa ya bluu.
Kijifuko nimekishona upya, kwa uzi wa viatu.
Kila treni ikisimama natazama mikono kwanza, nyuso baadaye.
Nina sarafu mbili sasa nisizoweza kuzitumia,
na moja tu kati yao ni yangu.