Pigo la Tatu

Bachisio Cherchi hakutaka kuketi.
Alisimama kando ya tanuri, kofia mkononi,
akatoa mfukoni kisu cha babaye,
nusu ya kisu, tuseme ukweli:
bapa lililonolewa miaka arobaini
hadi likawa jembamba kama unyasi,
na mpini ulioliwa na jasho upande mmoja.
"Nitengenezee kama hiki, Antioga. Ila kizima."

Kisha mkono wake wa kulia ukatetemeka.
Akauficha nyuma ya kofia.
Nami nikajifanya natafuta penseli.

Tuanze na chuma, nikamwambia.
Kipo hiki cha pua, hakijui kutu;
kisahau katika beseni la maziwa, hakinuni.
Na kipo hiki cheusi, nimekikata
kwenye springi ya lori lililokufa:
hiki hupokea makali upesi juu ya kinoo,
lakini kikilala usiku mmoja na limau
kitaamka na madoa kama mikono ya mama yangu.
Akacheka. "Nipe kinachonuna.
Kitu kisichonuna utajuaje kama kipo?"

Umbo hatukulijadili. Hapa Pattada
bapa ni jani la mhadasi,
tumbo kidogo, kisha ncha,
na anayetaka jingine na ashuke mjini akanunue.

Mpini, sasa.
Nikampangia mezani zeituni, na mzizi wa mhadasi wenyewe,
mwekundu kama nyama ya paja,
na pembe la kondoo dume, miaka mitano darini,
maana pembe bichi huahidi leo, kesho hujipinda.
Zeituni hakuigusa.
Pembe aliligeuza, akalinusa,
akapitisha kidole juu ya ufa mdogo.
"Huyu alikuwa mkorofi," akasema.
"Upande huu amepigana."
Ufa niuzibe?
"Uache. Ameushinda."

Usiku uliopita nilikuwa nimechora kitu.
Nikakitoa polepole, kama mtu anayeomba mkopo:
ulimi wa chuma mgongoni mwa bapa,
ukifungua, klak,
basi halirudi tena vidoleni.
Aliutazama mchoro mpaka makaa yakashuka.
"Kisu kinachojifunga chenyewe
kinamdhania mwenye nacho ni mlevi.
Baba alikifunga pajani, hivi."
Akalipapasa paja kwa mkono ule,
mkono ukakosa paja, ukapata hewa.
Hakuna aliyesema neno.

Kisu hakijichongi mpini,
wala mtu hajipimii mtetemo wake.

Alipoondoka nilikesha na ribiti.
Kila kitu kimo humo, katika msumari mfupi
na vishale viwili vya shaba, membamba kama ganda la kitunguu.
Ribiti ikilegea, bapa huanguka juu ya kidole.
Ikikaza, ukucha huvunjika kabla kisu hakijafunguka.
Mimi hupiga mara mbili, nikasikiliza.
Safari hii nikapiga na la tatu,
macho nimeyafumba,
kisu kikawa kigumu kama fundo la kamba iliyolowa.
Halafu nikatwaa tupa, nikauongeza mfuo wa ukucha,
mrefu, wa kina,
na upande wa pili wa bapa nikachimba mwingine,
wa mkono wa kushoto.
Babaye hakuwa nao. Sikuandika popote.

Akarudi wakati wa kukata manyoya,
mafuta ya kondoo hadi kwenye viwiko.
Akahesabu fedha zote, noti kwa noti.
Akakishika kisu kwa kulia, kikamkatalia.
Akakihamisha kushoto, kidole gumba kikatafuta,
kikapata.
Bapa likapanda bila haraka, likasimama pale alipoliacha.
Akalitikisa. Halikurudi.

Akaingiza mkono mfukoni tena,
akaweka sarafu moja kando ya noti, peke yake.
"Kisu nimekilipia.
Hii ni ya mfuo ambao sikuuagiza.
Kisu cha bure hukata urafiki, unajua."

Sarafu nimeitia katika kopo la ribiti.
Nikitafuta msumari, huigusa kwanza.