Buti la Kushoto

Nilishuka kutoka Isyonje na alfajiri,
ukungu umelalia viazi,
magongo mawili kwapani, na mfuko wa rambo
wenye buti moja, la kushoto,
jipya kama siku lilipotoka Mwanjelwa,
maana mwenyewe hakurudi kulivaa.

Fundi Ambokile hakuuliza habari za lori.
Wote huuliza lori.
Yeye alipangusa meza, akapanga nyayo tatu
kama muuza mitumba anayemjua mteja mkaidi,
akasema: Usinieleze unataka kutembea vipi.
Nieleze unatembea wapi.

Nikamweleza.
Shamba langu halikulazwa, limeegemezwa.
Kushuka kijitoni ni visigino,
kupanda na ndoo ni vidole.
Gunia ninalobeba si gunia la sheria,
ni lumbesa, lina kilemba.
Nikamweleza Aprili, udongo mweusi unaovua watu viatu,
na matuta, ambayo huyakanyagi, unayaomba njia.

Na Jumamosi jioni? aliuliza, kalamu bado kwenye karatasi.
Nikanyamaza.
Nilikuwa winga wa kushoto.
Akaandika hilo pia.

Unyayo wa kwanza: mpira wenye moyo wa mti.
Mzito, mkimya, kama shemeji aliyekuja kukaa.
Haukudai kitu, haukurudishii kitu.
Wa pili una kifundo kinachopinda huku na huku,
unapapasa jiwe kabla ya kulikubali;
lakini mchanga ukiingia hapa, alisema, utalia kama bawaba.
Wa tatu ni jani la nyuzi za kaboni,
jeusi, jembamba,
limekunjwa kama lililokwisha kasirika.

Akalifunga hilo kwenye bomba, kwa majaribio tu.
Korido ya hospitali ilikuwa hatua kumi na tisa kwa magongo.
Niliimaliza kwa kumi na moja.
Nakiri, nilicheka kwa sauti hadi muuguzi akachungulia,
na mwili ukakumbuka mstari wa chokaa, kona,
akina mama wakipiga masufuria.
Nilikuwa tayari kuuza ng'ombe.

Likivunjika?
Tunaagiza.
Siku ngapi?
Miezi mitatu, mambo yakienda vizuri.

Miezi mitatu ni kiazi, kutoka mbegu hadi gunia.

Nikatoa buti mfukoni.
Jani liligoma, lilitaka kiatu cha mjini.
Wa kifundo uliingia nusu, ukasita.
Wa mpira uliingia kama aliyeitwa kwa jina.
Sikufurahi. Nasema hivyo nisije nikajisahaulisha.

Soketi usiifanyie haraka hata kidogo, nilimwambia,
humo ndimo nitakamoishi.
Akapaka jasi, akasubiri ikauke, akapaka tena.
Akanifundisha kigutu na tabia zake:
asubuhi soksi moja, jioni mbili,
Juni, baridi ikikinywesha, hata tatu.
Alinionyesha pini inayojifunga yenyewe, tk, inapendeza.
Nikachagua mkanda wa ngozi juu ya goti.
Ukikatika, Mwasomola fundi viatu anaushona
nikiwa nimekaa pale pale kwenye kigoda chake.

Niliporudi wiki ya tatu
hakunitembeza koridoni.
Alinipeleka nyuma, kwenye mteremko wa kuanikia mashuka,
nyasi zimelowa.
Hatua sita. Akapiga goti, akakaza nati robo mzunguko.
Hatua sita. Akalegeza kidogo.
Unaegemea wapi?
Nje.
Robo tena.
Shuka moja likanipiga usoni, sikuyumba,
au niliyumba kama wanavyoyumba wenye miguu miwili.

Wakati wa kuagana akanipa spana ndogo, iliyopinda shingo.
Nati ni ile ile, alisema.
Mpira leo. Jani, siku ukiwa na ng'ombe wa ziada.

Nimeifunga kwenye pindo la kanga, palipokuwa nauli.
Buti lina tope sasa, yote mawili yana tope,
siwezi tena kusema lipi lilikaa mwaka mzima uvunguni.
Jumamosi nitateremka uwanjani.
Nitaanzia golini.